Maneno Ambayo Osob Hakuyasema

Osob Diriye alichaguliwa kuwa mwakilishi wa wanawake wa kambi ya Dagahaley kwa sababu alikuwa hasemi. Hayo si maneno yangu ya kumsengenya. Mzee Shurie, mwenyekiti wa kamati ya wakimbizi, aliniambia mwenyewe miaka kadhaa baadaye, bila haya, kama mtu anayeeleza jinsi alivyomchagua ngamia wa kubeba mizigo.

Ilikuwa mwaka 1994. Shirika lililosimamia kambi lilikuwa limetoa tangazo: kamati isiyo na mwanamke haitatambuliwa, na kamati isiyotambuliwa haitajengewa ukumbi wa mabati. Wazee wakakaa siku mbili. Mwanamke wa kwanza waliyemfikiria alikuwa na ndugu wengi mno. Akinuna yeye, nusu ya kambi ingenuna. Wa pili alikuwa mkunga kule Kismayo, mtu aliyezoea kuwaamuru wenzake wasukume, na wazee hawakuwa tayari kusukumwa. Ndipo mmoja wao akamkumbuka Osob: mjane, wa ukoo mdogo, aliyevuka mpaka mwaka 1992 akitokea Jilib na binti mmoja mkononi. Tangu afike, maneno aliyapima kama msafiri anavyopima maji ya kunywa.

"Huyu hana neno," wakasema, na kwao hiyo ilikuwa sifa.

Walipomwita na kumpa habari, Osob aliuliza swali moja tu.

"Nitafanya nini huko, adeer?" Adeer ni ami, na ndivyo wanawake wote walivyomwita Mzee Shurie.

"Utakaa," Mzee akamjibu.

Akakaa. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu alikaa kwenye mkeka karibu na mlango wa ukumbi mpya wa mabati, joto likimpika, huku wanaume kumi na mmoja wakibishana juu ya mgao wa unga, visima, na nani amemtukana nani. Mwisho wa kila mkutano katibu Abdilatif alimsogezea kidau cha wino. Osob alichovya kidole gumba, akakibandika mahali alipoonyeshwa, akarudi nyumbani na kidole cha buluu. Watoto wa majirani wakampa jina: Mama Kidole.

Mimi nilifika Dagahaley katikati ya mwaka 1995. Nilizaliwa Garissa mjini, nikasomea ualimu, na shirika likanichukua nifundishe wanawake wa kambini kusoma na kuandika Kiswahili. Baba yangu hakupendezwa. Alisema msichana wa miaka ishirini na sita anapaswa kuwa na watoto wake wa kufundisha alifu kwa ujiti, sio kwenda kufundisha nyanya za watu. Nilimwambia naenda kuwainua wanawake. Akaniuliza nitawainua hadi wapi. Nilikwenda; mizigo ilikuwa imeshapakiwa.

Darasa lilikuwa turubai lililofungwa kwenye miti minne nyuma ya zahanati. Wanafunzi thelathini na mmoja, ubao mmoja, chaki za kutosha. Vitabu vilikuwa njiani. Vilikuwa njiani mwaka mzima.

Osob alikuja siku ya tatu. Nilikuwa nimeambiwa kuwa huyo ndiye kiongozi wa wanawake, kwa hiyo nilimtaka awaeleze wenzake kwa nini kiongozi anahitaji elimu. Alisimama, akakitazama kidole gumba chake.

"Nimechoka kuosha wino," akasema, akaketi.

Baada ya miezi minne aliweza kuandika jina lake. Alikuwa mzito wa kujifunza lakini hakuwa msahaulifu. Herufi ikiingia kichwani mwake haikutoka tena. Shida ilikuwa karatasi. Nilikwenda kwa afisa wa shirika, kijana mpole kutoka bara ambaye hakujua Kisomali hata cha kuombea chai, nikamwomba karatasi yoyote ile. Akanipa katoni moja ya nakala za zamani za kumbukumbu za mikutano ya kamati. Upande mmoja ulikuwa umepigwa chapa, upande wa pili mweupe.

"Hizi hatuzihitaji tena," akasema. "Tumeshatafsiri kwa Kiingereza, tukapeleka Nairobi."

Kwa hiyo wanawake wakaanza kuandika majina yao mgongoni mwa mambo ya kamati. Wiki ya pili Osob aligeuza karatasi yake ili aone kama wino umepenya upande wa pili. Hakuigeuza tena. Aliinama juu yake, kidole kikitembea, mpaka wenzake wakamaliza, wakakunja mikeka na kwenda zao.

"Mwalimu Arbia," akaniita. "Jina langu linafanya nini huku?"

Nikatazama. Nikaanza kumsomea: "Mama Osob, kwa sauti ya upole iliyojaa busara..."

Akaifunika karatasi kwa kiganja. "Usinisomee. Nimesomewa vya kutosha. Nifundishe."

Ilimchukua wiki saba. Alikuja kabla ya wengine kufika, akabaki baada ya wengine kuondoka, akakwangua neno baada ya neno kama mtu anayekwangua ukoko wa sufuria. Na kadiri alivyokwangua ndivyo alivyojigundua. Osob wa kwenye karatasi alikuwa msemaji hodari. Alishukuru wafadhili kwa niaba ya akina mama wote. Alimnyamazisha Mzee Shurie mara mbili, kwa adabu. Aliwahi kutoa mfano wa kifaranga na mwewe uliowafanya wajumbe "kutikisa vichwa kwa mshangao mkubwa." Alitikiswa na mfano huo yeye mwenyewe alipoufikia, aliniuliza kama ni mzuri, nikamwambia si mbaya.

Kisha akafika kwenye bomba.

Mwaka mmoja nyuma, bomba la maji lililokuwa hatua chache kutoka kibandani kwake lilihamishwa, likapelekwa upande wa pili wa kambi, karibu na bloku ya Mzee Shurie. Tangu hapo binti yake Idman, aliyekuwa na miaka kumi na moja, aliamka na kwenda foleni ya maji, akarudi jua likiwa utosini na mtungi wa plastiki mgongoni. Ndiyo sababu Idman hakuwahi kuingia shule. Osob alifikiri uamuzi huo ulitoka Nairobi, au kwa Mungu.

Karatasi ilisema: "Mama Osob aliomba bomba lihamishwe, kwa kuwa akina mama wa bloku yake hupenda kutembea, na matembezi huwapa nafasi ya kubadilishana mawazo."

Alilisoma hilo mara tatu. Mara ya tatu alicheka, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka. Halikuwa cheko la kumpa mtu raha.

"Mimi ndiye niliyeomba," akasema.

Nilitaka kwenda kwa afisa siku ile ile. Osob alinizuia, karatasi zilikuwa hazijaisha. Lakini sikuweza kujizuia na Abdilatif. Nilimkuta sokoni dukani kwa binamu yake, nikamuuliza anajisikiaje kumtilia mtu maneno kinywani. Abdilatif alikuwa mtu mwembamba, mwenye adabu nyingi. Zamani alikuwa utingo wa malori ya Kismayo na Mombasa, na Kiswahili alikiokota kwenye vibaraza vya Mombasa, akakipenda kama wengine wanavyopenda miraa. Hakukana lolote.

"Afisa aliniuliza kila mwezi: wanawake wamesema nini? Nikaandika ukweli mara mbili: wamenyamaza. Akasikitika. Mara ya tatu nikawapa maneno machache. Mabati yakaja." Akanyanyua mabega. "Mwalimu, katika kambi hii nzima mimi peke yangu ndiye niliyempa yule mama nafasi ya kuzungumza."

"Na bomba?"

"Bomba lilikuwa la Mzee. Mimi nilipamba tu."

Azimio ambalo Osob alikuwa akilitafuta bila kujua lilikuwa karibu na chini kabisa ya katoni. Liliandikwa wakati wageni wa kutoka ng'ambo walipotarajiwa kambini, na Abdilatif siku hiyo alikuwa na nguvu zake zote. Mama Osob alipendekeza kila mjumbe wa kamati ampeleke shule angalau binti mmoja wa nyumbani kwake, ili kamati iwe mfano kwa umma. Mjumbe atakayeshindwa ajiuzulu kwa heshima. Wajumbe wote walikubali kwa kauli moja, wakapiga makofi. Chini yake vidole kumi na viwili, kimoja kikiwa chake.

Aliikunja karatasi hiyo, akaiweka kifuani ndani ya guntiino, vazi lake la kufunga begani, akaniomba jambo moja: mkutano ujao, ambao afisa huhudhuria kila baada ya miezi mitatu, nije kutafsiri mimi badala ya Abdilatif.

Mkutano ulikuwa mwezi wa Juni, 1996. Upepo wa kiangazi ulikuwa ukipiga mabati kwa mchanga hivi kwamba tulilazimika kupaza sauti. Walizungumza habari za unga, wakamaliza. Mzee Shurie alipokuwa akitafuta fimbo yake ili afunge kikao, Osob akainuka kwenye mkeka wake wa mlangoni.

"Bwana afisa," akasema kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa cha kwetu huku, "mimi nataka kusoma hii karatasi."

Afisa alitabasamu kama baba anayemwona mtoto akipiga hatua. Osob akasoma. "Mama Osob ali-be-ndekeza. Alibendekeza kila mjumbe..." Alisoma polepole, kila p ikimgeukia b kama ilivyo kwa Wasomali wengi, akiipigapiga kila silabi. Kufikia "ajiuzulu kwa heshima" hakuna aliyekuwa akitafuta fimbo. Abdilatif alikuwa amefumba macho.

Kisha akageukia Kisomali, nami nikatafsiri.

"Nimekuja kuomba msamaha. Jambo hili nilipendekeza mimi, na nyinyi adeer zangu mkanikubalia. Lakini binti yangu Idman hajawahi kuingia darasani hata siku moja. Mwaka mzima nimevunja neno langu mwenyewe. Kesho asubuhi nampeleka. Asipoingia, najiuzulu." Akawatazama mmoja mmoja. Hakuwa amewatazama hivyo tangu wamchague. "Sasa sijui nyinyi mmefikia wapi."

Mzee Shurie akasafisha koo.

"Osob, mambo ya karatasi ni ya wageni. Sisi tuna maneno yetu."

Hilo nililitafsiri pia. Afisa akauliza, kwa upole kabisa, ikiwa mwenyekiti anamaanisha kwamba kumbukumbu zilizopelekwa Nairobi hazikuwa za kweli. Mzee akatazama juu. Yale mabati aliyokuwa akiyatazama yalikuja kwa kumbukumbu hizo. Na kisima kipya kilikuwa hakijachimbwa bado.

"Ni za kweli," akasema. "Kila neno."

"Kuna lingine," Osob akasema. "Niliomba bomba lihamishwe. Nimebadili mawazo. Aliyeomba lipelekwe ndiye anayeomba lirudi."

Afisa aliandika yote mawili kwa furaha. Kuhusu bomba, akaeleza kwamba mabomba ni kazi ya mhandisi, na mhandisi hutoka Nairobi, na ombi lake litapelekwa. Lilipelekwa. Ninapoandika haya bado liko huko lilikopelekwa.

Wasichana, hata hivyo, hawakuhitaji mhandisi. Asubuhi iliyofuata Idman aliingia darasa la kwanza, goti kwa goti na watoto wa miaka sita, akilia kwa aibu. Baada ya wiki mbili wasichana tisa wa nyumba za wajumbe walikuwa shuleni. Mjumbe mmoja alijiuzulu kwa maradhi ya mgongo. Mwingine alimleta binti ambaye tayari alikuwa ameolewa na ana mtoto wa kunyonya. Mwalimu mkuu alimkubali, na mtoto pia. Mzee Shurie ndiye aliyechelewa kuliko wote. Mjukuu wake Ruweyda, wa miaka kumi na minne, alikuwa ameshaposwa na mfanyabiashara wa Bute, na ngamia wa mahari walikuwa wameshatajwa. Mzee aliwapelekea watu wa mchumba ujumbe kwamba shughuli ingoje kidogo, kuna jambo la serikali.

Majirani wa wajumbe wakaona aibu kubaki nyuma, nao wakaanza kuwapeleka mabinti zao. Kufikia mwisho wa mwaka shule ilikuwa na wasichana mia mbili na zaidi, na benchi zilikuwa zile zile.

Osob sasa alichota maji mwenyewe, kisha akaenda kuni, kisha mikutano. Mkeka wake ulisogea kutoka mlangoni hadi katikati ya ukumbi. Alikuwa akiusogeza kidogo kila mwezi. Alizungumza. Si sana, lakini kila aliposema Abdilatif aliandika neno kwa neno, na kwa kweli kumbukumbu zilipungua utamu. Afisa alinilalamikia siku moja kwamba mama yule zamani alikuwa na mifano mizuri zaidi.

Mwaka uliofuata kulitangazwa semina ya siku nne Garissa mjini: Mwanamke Mkimbizi na Uongozi. Dagahaley ilipewa nafasi mbili. Osob alishona guntiino mpya. Kusafiri nje ya kambi kulihitaji kibali, na fomu ya kibali ilihitaji sahihi ya mkuu wa kaya, yaani mume. Asiye na mume angesainiwa na mwenyekiti wa kamati. Osob alikwenda kumtafuta mwenyekiti siku ya safari akamkuta ameshaketi kwenye gari la shirika, kiti cha mbele, kofia mpya kichwani. Kando yake Abdilatif. Nafasi mbili zilikuwa zimejaa.

"Adeer, nitilie sahihi," Osob akamwambia kupitia dirishani.

"Nikutilie sahihi uende wapi, mwanangu? Gari limejaa."

Walirudi na vyeti. Mzee Shurie alikuwa amezungumza mbele ya watu kwa dakika arobaini juu ya haki za mwanamke, na mabibi waliotoka Nairobi walisimama kumpigia makofi. Alimletea Osob zawadi, mfuko wa kitambaa wenye jina la semina. Alimkabidhi mbele ya ukumbi, kwa heshima ya kweli.

"Niliwaambia maneno yako yote," akasema.

"Maneno gani, adeer?"

"Ya kifaranga na mwewe."

Msinielewe vibaya kuhusu Mzee. Ruweyda alijifunza haraka, na siku alipomsomea babu yake barua ya ndugu yake wa Rhamu, barua ambayo zamani babu angeipeleka kwa Abdilatif na kambi nzima ikaijua, Mzee alilia machozi. Watu wa mchumba wa Bute waliandika pia. Ruweyda aliisoma barua yao kwa sauti, akaikunja, akamwambia babu yake kwamba inasema watangoja. Sijui kama ndivyo ilivyosema. Mzee hakuuliza.

Semina ile ilizaa agizo jipya. Shirika liliamua kwamba sasa wanawake wa kambi wamchague mwakilishi wao wenyewe, kwa kura, badala ya kuteuliwa na wazee. Uchaguzi ulipangwa Novemba 1997, lakini mvua za El Nino zikaikata barabara, kambi ikawa kisiwa, na unga ukawa unaletwa kwa ndege. Tukangoja hadi Machi.

Osob hakuwa na wasiwasi. Mimi ndiye niliyekuwa nao. Alikuwa na mpinzani mmoja, Sadiyo, mwanafunzi wangu pia, aliyekaa safu ya nyuma na kumaliza zoezi kabla ya wote. Sadiyo alikuwa na mabinti wanne na mume mgonjwa. Alizunguka bloku kwa bloku. Sera yake ilikuwa moja: shule ya wasichana iwe mchana, sio asubuhi, ili wachote maji kwanza.

Walikutana bombani wiki moja kabla ya kura, nami nilikuwepo. Osob alimwambia, kwa sauti ya chini, kwamba mtoto aliyechoka kwa maji hawezi kusoma mchana.

"Na mama aliyechoka kwa maji?" Sadiyo akauliza. "Walaal, ndugu yangu, mabinti zangu wanne wako shule kwa sababu yako. Nakuombea dua. Lakini tangu siku ile nina mgongo wa bibi kizee. Ulipopitisha lile azimio, uliniuliza mimi?"

"Mimi mwenyewe sikuulizwa," Osob akasema.

"Basi umetufanya kama walivyokufanya."

Osob alijaza mtungi wake. Nilidhani atajibu. Aliufunga kifuniko, akauinua, akashika njia ya nyumbani.

Siku ya kura hapakuwa na karatasi wala masanduku. Mgombea anasimama, na wanaomtaka wanapanga foleni nyuma yake. Uwanja ulikuwa ule wa kugawia chakula, bado una matope makavu ya El Nino. Wazee walikuja kutazama, wakaketi kivulini. Afisa alikuja na kamera. Wanawake wakatoka kila bloku, wengine wameshika watoto, wengine wamewaacha waume na sufuria, wakaanza kuchagua mgongo wa kusimama nyuma yake.

Foleni ya Osob ilifika kwenye mti wa mgunga. Foleni ya Sadiyo ilipita mti, ikapita ua wa ghala, ikapinda. Nilimwona jirani wa Osob wa ukuta kwa ukuta katika foleni ya pili, amejifunika uso. Hesabu ilisomwa: mia moja na arobaini na mbili kwa Osob, mia tatu na sita kwa Sadiyo. Vigelegele vikapaa. Mimi machozi yalinitoka, ya hasira. Miaka mitatu nilikuwa nimewafundisha wanawake hawa kwamba sauti yao ni yao, na sasa walikuwa wameitumia vibaya, yaani kinyume na nilivyotaka.

Nilikwenda kumshika mkono. Osob hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama ile foleni ndefu, ile isiyokuwa yake, kutoka kichwa hadi mkia, na midomo ilikuwa ikichezacheza kama anayehesabu.

"Arbia," akasema, "nimepanga foleni katika uwanja huu miaka sita. Sijawahi kuona wanawake wengi hivi wamesimama bila kungoja unga."

Kisha akavuka uwanja kwenda kumpongeza Sadiyo, na nilivyosikia, akamwambia jambo la kwanza la kuwakumbusha wakubwa ni bomba.

Jioni Mzee Shurie alikuja kibandani kwake na wazee wawili, kwa nyuso za matanga. Nilikuwa pale namsaidia Idman na hesabu za kutoa. Mzee aliketi, akasema Mungu hutoa na Mungu hutwaa, akasema Osob asihuzunike, wao wazee walimpenda na hawakuwa na nia ya kumwondoa kamwe.

"Najua, adeer," Osob akasema, akimimina chai. "Nyinyi mliniweka. Watu ndio wamenitoa. Ni mara ya kwanza watu kuniuliza." Akampa kikombe. "Na wewe, ukitaka kutolewa, anayekutoa ni nani?"

Mzee alilifikiria swali hilo kwa uaminifu. Aliwatazama wenzake wawili, nao wakatazama mkeka. Alionekana kama mtu aliyetambua kwamba nyumba yake haina mlango.

"Sijui," akasema mwishowe. Akaomba aongezewe sukari.